Kitundu

Kazi ya kwanza: stempu. Mwalimu kaonya,
"Msinichoree tena lile jiwe la ziwani."
Nyanjige akabandika gamba la sato kwenye karatasi,
akalizungushia penseli,
akaliandikia bei: shilingi mia tano.

Nembo aliikeshea. Igoma umeme ulikatika mara mbili,
herufi D ikabaki na tumbo la miezi saba.
Akaiacha hivyo hivyo.

Boksi la dagaa ndilo lililomtoa jasho.
Akalipeleka Mwaloni kwa mama yake,
mikono bado ina mchanga wa kuanikia.
Mama akaligeuza, akalinusa.
"Zuri. Ila bubu."

Usiku Nyanjige akashika wembe,
akatoboa kitundu pembeni,
palepale alipokuwa ameandika
jina lake.