Neno la Siri

Umeme ulikatika saa nane usiku. Theluji, waya, basi.
Sasa umerudi, na Urve ameshuka stoo ya chini,
koti juu ya gauni la kulalia.
Seva, kompyuta kuukuu aliyoinunua kwa mnada wa posta ya Tartu,
imeamka ikasimama mlangoni pa diski:
Neno la siri?

Siku ya kuifunga ilimwonya:
kila kilichomo kitafutika, andika NDIYO kwa herufi kubwa.
Akaandika. Kisha akazirudisha ndani barua za Endel, moja moja,
na sauti yake akikohoa, akimtukana paka.

Fumbo mfumbie mjinga, wanasema;
hili hata mwerevu halimtoki.
Ni jina la supu ya kabichi, lilivyokosewa na Endel
miaka thelathini, orodha baada ya orodha ya sokoni.

Anabonyeza. Kiooni haitokei hata nukta.
Mashine inakataa.

Vidole vina baridi, ndiyo,
lakini si baridi:
ameliandika sawasawa.

Anavuta kigoda. Anarudia polepole,
anakosea kama yeye,
na gizani diski inaanza kunguruma.