Baki

Ghorofa ya tatu, Mtaa wa Aggrey, juu ya duka la vitenge,
nafungua msimbo wa mtu aliyekwisha kuhama.
Sikudhani Mkwizu. Sura yake sijawahi kuiona.
Namjua kwa nafasi nne anazoacha mwanzo wa mstari,
kwa bano alilolifungua na kulifunga papo hapo
kabla hajaandika cha katikati,
kama mpishi atafutaye mfuniko kabla ya kubandika sufuria.

Wengine huandika ili mashine itii.
Huyu aliandika ili asomwe.
Hakuita kitu x. Aliita mkopo_wa_msiba,
aliita ada_ya_januari,
aliita hasira,
na hasira, nilipoifuatilia kurasa tatu,
kumbe ni riba ya aliyechelewa kulipa.

Nimeagizwa nikamate shilingi.
Faida ya kikoba cha akina mama wa Mbagala,
ikigawiwa kwa hisa mia na tatu,
kila mwezi kuna shilingi hazionekani zilikokwenda.
"Kasoro hiyo," bosi kasema, "ing'oe kabla ya saa kumi."

Nasoma polepole, kidole juu ya kioo.
Kitanzi kinazunguka, mwanachama mmoja mmoja,
mizani imetimia, silabi ya ziada siioni,
hadi mstari wa mia mbili na kumi na nne.
Hapo, nyuma ya alama ambayo mashine ikiiona huruka,
kaacha maneno:

*Baki haligawanyiki. Mpe mwenye hisa chache.
Walikubaliana kwa mdomo, Jumapili, nami nilikuwapo.
Ukija kunifuta, kawaulize kwanza.*

Umeme ukakatika. Feni ikazunguka kwa uvivu, ikasimama.
Betri: dakika kumi na nane.
Nikampigia mweka hazina wao.
Akacheka mpaka akakohoa.
"Hizo shilingi? Hazinunui hata kiberiti, mwanangu.
Ila Siwema ana hisa moja tu,
na hupenda jina lake lisomwe mara mbili."

Sikung'oa kitu.
Kwenye ripoti niliongeza safu moja, nikaiita baki,
ili atakayejumlisha asidhani kuna mwizi.
Kisha, chini ya maneno ya Sikudhani,
kwa nafasi zile zile nne,
nikaandika: *Nimewauliza. Ni kweli.*

Nikaiendesha programu. Mashine ikasoma yote,
ikafika hapo,
ikaruka.