Jina Alilokuja Nalo

Mlekwa, bwana mifugo mstaafu, anafuga wasio na mwenyewe
nyuma ya nyumba yake, Ipuli,
mabanda manane ya magogo na wavu wa kuku.
Nilikwenda kutaka mtoto wa mbwa. Kila mtu hutaka mtoto.
Walinirukia vidoleni kama bisi kwenye kikaango.
Yeye alikuwa banda la mwisho, kalala, kanipa mgongo,
sikio moja limeliwa nusu,
kidevu kimeota mvi.

"Huyo mtu mzima," Mlekwa akasema. "Miaka saba, labda minane.
Tulimwokota stesheni. Siku kumi na moja
anaipokea treni ya Kigoma, anamnusa kila anayeshuka,
kisha anarudi chini ya benchi.
Wenye bunduki walikuwa njiani."

Sikujibu. Miaka ishirini na sita
nimefungua na kufunga kizuizi cha reli pale Cheyo.
Treni isiyokuletea mtu naijua.

Kwenye daftari akaandika: Rangi, kahawia. Chanjo, tayari.
Jina...
akainua kalamu, akauacha mstari mtupu.

Tulirudi kwa miguu. Kamba ilikuwa imelegea
na bado nilihisi ninamvuta.

Mlangoni akagoma.
Mwezi mzima alilala nje ya kizingiti kama mdai.
Hakula nikimtazama. Niliweka ugali na dagaa, nikaukabili ukuta,
nikahesabu mpaka mia.
Nikigeuka, sahani imelambwa, naye yuko pale pale,
anatazama kwingine, kana kwamba kala mwingine.
Ufagio ulipoanguka alijikojolea.
Tangu siku ile ufagio unakaa nyuma ya mtungi
nami nafagia akiwa uani.

"Shoga, mtoto ungemfunza mwenyewe," alisema Bi Tausi, jirani.
"Huyu wamekwisha kumfunza wengine, wala hujui nini."
Bi Tausi hagusi mbwa, ana udhu wake wa kulinda.
Lakini vichwa vya samaki vilianza kupita juu ya ukuta,
ndani ya mfuko uliofungwa fundo, bila hodi.

Nilimjaribia majina. Simba. Popi. Jeki.
Hakupepesa.
Nikakumbuka kwamba huku kwetu mbwa hubebeshwa
maneno ambayo mtu hathubutu kumwambia jirani.
Nikasimama uani nikaita: Mtasema!
Nikaita: Hayawahusu!
Nikaita: Ndugu Wabaya!
Mtaa mzima uligeuka, isipokuwa yeye.

Halafu Novemba, mvua ya kwanza,
bati linapiga kelele, na magoti yangu
yakakumbuka kila usiku niliosimama relini.
Nikakaa kitandani na kichupa cha mafuta ya nyonyo,
nasugua, nabembeleza maumivu kama mtu na mwanawe:
"Yataisha. Yataisha tu."

Akasimama.
Nilimsikia kabla sijamwona, kucha kwenye saruji,
moja, nyingine, kizingiti kikabaki nyuma yake.
Akaja ameloa, ananuka kama gunia,
akaniwekea kidevu juu ya goti lenyewe.
"Yataisha?" nikamuuliza.
Mkia ukagonga sakafu.

Basi kuna mtu, sijui ni mume au mke,
sijui lilikuwa deni, au wodi, au ndoa,
aliyesimama uani kwake kila jioni
akaita neno hilo gizani, na likamjia kwa miguu minne.
Sijui kama yaliisha.
Sijui alipanda treni gani.

Mpaka leo ikipiga honi anainua masikio,
lile zima na ile nusu.
Wakati huo simwiti. Naendelea kuchambua mchele
mpaka behewa la mwisho lipite
na yeye ajilaze mwenyewe, kwa pumzi ndefu.

Asubuhi ndipo ninapofungua mlango na kuita kwa nguvu:
"Yataisha! Weee, Yataisha!"
Na ng'ambo ya ukuta Bi Tausi,
mswaki mdomoni, hajui naita nani, au anajua,
huitikia:
"Inshallah, mama. Inshallah."