Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu haipandi bure.
Ina kisanduku cha bati chenye tundu jembamba
kama jicho la mtu aliyeamshwa;
usipokilisha sarafu mlango hujifunga, nawe unabaki palepale
ukitazamana na jina la mtu lililochorwa kwa msumari.

Juma la kwanza nilisimama hivyo, mikoba ya vitabu mabegani,
mpaka mkono wa bibi mmoja ukapita juu ya bega langu,
ukatumbukiza sarafu, ukabonyeza sita.
Akaniuliza kwa kidevu: wewe?
Nikamwonyesha vidole tisa.
Alinuka vitunguu saumu na sabuni ya kufulia.
Jina nilikuja kulijua baadaye: Tsisana.

Asubuhi, Tbilisi, mtaa wa Gldani.
Vazha mwoka mikate anainama ndani ya tanuri hadi kiunoni,
miguu yaelea, kama anayemtafuta mtu kisimani,
kisha anaibuka na mkate mrefu wa ncha mbili.
Nyusi hana. Kwetu Tanga angekwisha kupewa jina la utani.

Mbwa asiye na mwenyewe, herini ya njano sikioni,
anakaa penye kivuko cha watoto wa shule na kuyabwekea magari.
Magari yanamtii yeye. Taa, hayana habari nazo.

Wazee wanne, gari bovu lisilo magurudumu,
bao la dadu juu ya boneti.
Theluji ikianguka wanaipangusa kwenye bao tu;
mabegani wanaiacha.

Toka ghorofa ya sita kikapu kinashuka kwa kamba.
Siku nyingine kina noti iliyobanwa kwa kibanio cha nguo,
na muuza duka anatoa noti, anatia viazi na maziwa,
anavuta kamba mara mbili: pandisha.
Leo kina kofia ya sufu.
Mzee Otia, anayeshinda bao, anajifanya hakioni.
Kikapu kinaning'inia usoni pake.
Wenzake wanacheka hadi wanakohoa.
Anaivaa.

Mimi nafundisha Kiswahili, jioni,
chumba chenye jiko la gesi linalonung'unika,
wanafunzi watano. Wa sita alikuja mara moja,
akidhani ni darasa la Kihispania.
Tulianza na salamu, kama waanzavyo wote.
Nestan, ambaye mchana hushona viatu, akainua kalamu:
"Sisi tukikutana tunatakiana ushindi. Nyinyi mnatakiana nini?"
Nikasema, hatutakiani, tunaulizana.
Hujambo: huna jambo?
Sijambo: sina.
"Na ukiwa nalo?"
Chaki ikanivunjikia mkononi.
Unajibu vilevile, nikasema.
Jambo lenyewe unalitoa baadaye, mkishakaa.
Wakaandika. Nestan alipigia mstari.

Mwezi wa pili, Jumanne, kikapu hakikushuka.
Jumatano nilikuta kifuniko cha jeneza
kimeegemezwa ukutani penye mlango wa jengo,
wima, kama mgeni ambaye hajakaribishwa ndani.
Hakuna aliyenifafanulia.
Wazee wa bao walikuwa ngazini wanavuta sigara,
nikawahesabu: watatu.
Nikawahesabu tena.

Sarafu ilikuwa kiganjani, imepata joto.
Sikuitia. Nilipanda kwa miguu,
ghorofa baada ya ghorofa, harufu ya mchele na nta,
watu wakinipisha bila kuniuliza mimi ni wa nani.

Tsisana alikuwa mlangoni, mweusi kuanzia kitambaa hadi soksi.
Nikafungua kinywa, mimi mwalimu wa salamu,
kikatoka kile kimoja nilichokijua cha lugha yake:
nilimtakia mjane ushindi.
Nikakisikia kikianguka sakafuni kati yetu.

Akanishika kiwiko.
Akajibu kama inavyojibiwa, neno kwa neno,
bila kukosea.
Kisha akanivutia kiti.