Nguo za Kamati

Umeme umekatika tangu jana saa mbili.
Pasi ya mkaa nimeazima kwa Mama Aikande,
naye kaniuliza, "Unanyoosha nguo gani?"
Nikamjibu, nguo. Sikuwa nimejua.

Usaili ni saa tatu, ghala la kahawa,
karani wa mizani, nafasi moja.
Hapa Pasua pekee nawajua wanne walioitwa.

Nafungua sanduku.
Gauni la bluu: sendofu ya Ndeshi.
La dhahabu, mgongo wazi: harusi ya Ndeshi.
La zambarau nililipia kwa mafungu matatu,
kipaimara cha mapacha wa Eliamani.
Kitenge chenye sura ya mjomba Kanuti,
kazaliwa lini, kafa lini, na chini yake
"Bwana alitoa", maneno yanayoniangukia makalioni.
Miaka kumi na miwili sijanunua nguo.
Nimechangia.
Sherehe za watu zimenivalisha vizuri,
na hakuna hata moja niliyoivaa
kwa jambo langu.

"Vaa jinzi, mama," anasema Haika
kutoka ndani ya blanketi.
"Siku hizi wanaangalia kama unajua kompyuta."

Inabaki sketi nyeusi ya kwaya
na koti lake, la damu ya mzee,
kinubi kimedariziwa kifuani.
Nakifumua kwa wembe, uzi baada ya uzi,
namwomba radhi mwalimu Ndosi kimoyomoyo:
kabla ya Jumapili nitakuwa nimekirudishia.
Kinatoka. Na pale kilipokuwa
koti limebaki jipya, alama ya rangi nzito
ambayo jua la miaka sita halikuigusa.
Mtu yeyote wa Moshi ataisoma:
huyu ni wa kwaya, huyu sauti ya pili.

Napuliza pasi, uso nimeugeuza pembeni.
Cheche moja ikiruka, basi tena.
Haikuruka.

Nje, mlima umejifunika mawingu mpaka magotini.
Wenyewe hauitwi usaili.

Mbele ya kioo najaribu kukaa, kuinuka,
kukohoa kama mtu aliyekwishaajiriwa.
Bahasha ya vyeti naijaribu mkononi,
naijaribu kwapani,
mwisho naikumbatia kifuani, upande wa kushoto.
Hapo inakaa vizuri.
Watadhani naipenda sana elimu yangu,

mpaka mmoja wao anyooshe mkono aseme,
"Haya mama, tuone vyeti."