Mpira wa Chupa ya Jamu

Februari. Miskolc, mtaa wa Avas, ghorofa ya saba,
lifti imegoma tangu juzi,
na mezani, juu ya gazeti la jana,
tepurekoda ya Dezső imelala chali
kama kuku anayesubiri kunyonyolewa.

Kilo nne na nusu, na mkanda wa begani.
Mdogo wangu aliibeba miaka ishirini
kwenye vituo vya treni, akinasa
si nyimbo, si hotuba:
breki.
Breki za mabehewa ya makaa, za treni ya abiria,
breki za asubuhi ya barafu, breki za mvua.
Mungu amrehemu, alikuwa na masikio ya ajabu
na hamu ndogo ya kuongea.

Mimi nilishona viatu kiwandani miaka thelathini na mmoja.
Umeme siujui. Najua tu
kwamba kilichofungwa na mkono wa mtu
hufunguliwa na mkono wa mtu.
Skrubu tano za mgongoni. Ya sita imejificha
chini ya kibandiko cha bei, mjanja huyo.
Nikazipanga kwenye kisahani
kwa zamu ya kutoka kwao.

Ndani, kwanza harufu.
Tumbaku yake. Miaka kumi na minne ardhini
na bado anavuta humu.

Betri zilikuwa zimevuja, zikaota ukoga wa kijani.
Nikasugua kwa siki na mswaki wa zamani
mpaka shaba ikafumbua jicho.
Mkanda wa mota haukuwa mkanda tena, ulikuwa lami.
Ukaninasa vidole, ukaacha alama kwenye kikombe,
kwenye miwani, kwenye simu
Gyöngyi alipopiga.
"Mama, unafanya nini?"
"Natengeneza."
"Unatengeneza nini?"
"Bado sijajua."

Duka la vipuri siku hizi linauza kucha za bandia.
Basi nikaingia stoo,
nikavua mpira wa kifuniko cha chupa ya jamu ya plamu,
nikaukata kwa kisu cha ngozi, mwembamba, mwembamba,
kama nilivyokata kingo za viatu vya maharusi.
Ukaingia. Ukakaza.
Jamu ikabidi iliwe.

Kichwa cha kusomea nikakipangusa kwa spiriti;
pamba ikatoka kahawia, kahawia, kahawia, kisha nyeupe.
Waya mmoja ulikuwa umekatika shingo. Nikauunga kwa lehemu,
nikaungua kidole gumba, nikatoa tusi
ambalo marehemu mama angelitafutia sabuni.

Betri mpya. Nikabonyeza. Kimya.
Nikabonyeza tena, kwa hasira ya dada mkubwa.
Mota ikakohoa,
magurudumu yakaanza, moja likitoa, moja likipokea,
bila kudaiana.

Nilijiandaa kwa breki.
Au, nikiri, kwa sauti yake: leso ilikuwa tayari mkononi.
Ikatoka sauti ya mwanamke,
ikipepesuka kwa sababu ya mpira wa jamu,
nzito kama ya aliyeamshwa usingizini:

"Zima kidude hicho, Dezső, supu inapoa.
Betri zenyewe ghali.
Nani atakuja kusikiliza breki?"

Kisha kijiko kwenye sahani.
Kisha pumzi ya mtu anayezuia kicheko.
Kisha tak.

Nimerudisha nyuma mara tisa.
Sikujua niliwahi kuwa na sauti ile, changa,
chachu kama maji ya matango ya siki.
Pumzi ni ya sekunde tatu.
Nimeipima kwa saa ya jikoni.

Usiku, treni ya mizigo iliingia bondeni ikifunga breki.
Nilifungua dirisha, baridi na yote,
nikaishika maikrofoni, nikairudisha mezani.
Sina tepu tupu,
na hii haifutwi.

Skrubu moja imebaki kisahanini.
Mashine haiidai.
Nimeitia mfukoni mwa aproni.