Mfereji wa Nne

Jumatano. Soko la wanawake la Ibra limekwisha kufungwa,
na Bi Shinuna binti Humud ameingia na harufu ya ndimu kavu,
amepanda kiti changu
kama apandaye gari asilomwamini dereva wake.
"Dawa ya jino ni kung'oa," ananiambia, Kiswahili cha Ng'ambo hakijamtoka.
"Ng'oa, niende zangu. Nimeacha bidhaa juani."

Namjibu: jino la pembe si dawa ya pengo.
Anacheka kwa nusu ya mdomo. Nusu ya pili inauma.

Gego la juu, la kwanza, kulia.
Picha ya pande tatu imetulia kwenye skrini:
mizizi mitatu, mistari mitatu myeupe ya utomvu,
kazi ya miaka kumi na moja, safi, imenyooka,
na kwenye ncha ya mzizi wa mbele
kivuli, ukubwa wa punje ya dengu.

Nani alikutibu?
Amenyoosha kidole. Kwangu.

Bincy, msaidizi wangu, ameinamia trei,
anapanga vilivyokwisha kupangwa.

Kwenye faili, mwandiko wangu wa ujana:
*Mifereji mitatu. Imejazwa. Hakuna tatizo.*
Siku zile sikuwa na hadubini.
Nilikuwa na taa, kioo kidogo, na kujiamini.

Ganzi. Kisha shuka la mpira wa buluu,
na jino limebaki peke yake,
shahidi kizimbani; mshitakiwa nimeshika sindano.
Nautoa utomvu wangu wa zamani, kipande kwa kipande.
Nakuza mara kumi na sita.

Sakafu ya jino ina ramani yake:
uzi mweusi hutoka tundu hadi tundu.
Naufuata. Unalipita tundu la mbele,
unaelekea kaakaani,
unatumbukia chini ya kizingiti cha dentini.
Ncha inayotetema inakikwangua kizingiti, vumbi jeupe,
pole, pole, basi.
Faili namba nane, wembamba wa unywele.
Imenasa.
Vidole hujua kabla ya macho.

Kipimo cha kina kinalia: kumi na nane na nusu.
Sasa nikeli na titani, chuma kilichopikwa
hadi kikasahau ukaidi, kinapinda na kona.
Maji ya klorini yanatikiswa humo ndani, yanatoka machafu,
yanatoka machafu,
yanatoka meupe.
Vijiti vya karatasi. Kisha saruji laini ya kauri,
ile inayoganda kwa unyevu,
unyevu ambao tulifundishwa kuuogopa.

Nimeondoa mpira.
"Bi Shinuna, mara ile niliacha mfereji mmoja.
Si tende, si halua. Ni mimi."

Anajifuta mdomo, ulimi mzito:
"Ulinitoza mingapi?"
"Mitatu."
"Basi huo wa nne usinitoze leo.
Na miaka yote niliyotafunia upande mmoja
nitakuja kukupigia hesabu."

Ameshuka, amevaa viatu, amerudi kwenye ndimu zake.

Naandika: *Mifereji minne.*
Ukurasa wa zamani sijaufuta.
Nje kunaadhiniwa alasiri, na Bincy, bila kuagizwa,
ananiletea mafaili ya mwaka ule,
magego ya juu tu,
mawili, matano,
kisha anarudi kuchukua toroli.